Maji Juu ya Soda

Mimi ni mtu wa hasira. Sijivunii, lakini sitaki msomaji aje kuligundua jambo hilo katikati ya habari akadhani nilimficha. Kwetu hasira ilikuwa mali ya ukoo kama ng'ombe; tofauti ni kwamba ng'ombe wengine walikufa kwa ukame na wengine wakauzwa, hasira ikabaki imenona.

Baba alimpiga mama yangu kwa fimbo ya kuchungia hadi mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Mama akarudi kwao Kimali mkono umefungwa kwa vijiti. Mimi nikabaki, kwa sababu kwa mila zetu mtoto ambaye mama yake alitolewa mahari ya ng'ombe ni wa baba. Mwaka uliofuata akaja mama mdogo, mke mpya wa baba, mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Baba alimpiga yeye, yeye akanipiga mimi, mimi nikampiga mbwa. Mbwa hakuwa na wa kumpiga, akawa anang'ata kuku.

Tuliishi upande wa Nkoma. Siku hizi huko ni wilaya ya Itilima, lakini wakati ule kote kulikuwa Bariadi tu, na Bariadi yenyewe ilihesabiwa Shinyanga. Tulilima pamba, mahindi na mpunga kidogo, na mama mdogo alikuwa na kazi yake ya ziada iliyompa heshima kuliko shamba. Alikuwa fundi wa kukamua maji ya majivu.

Katika miaka ya uhaba, sabuni ilipokuwa haionekani dukani hata kwa dawa, watu walimfuata yeye. Alichoma mashina ya pamba, akachekecha majivu, akayashindilia ndani ya chungu chenye matundu chini, kilichotandikwa nyasi. Chungu kilikaa juu ya mafiga, na chini yake alitega chungu kingine. Kisha alimimina maji juu ya majivu, kata baada ya kata, akingoja. Yalidondoka maji ya rangi ya chai, yenye utelezi, makali kiasi kwamba tone moja ulimini lilikufanya uteme mate mpaka jioni. Majivu yakiziba, alikuwa akichokoa kwa kijiti huku ameinama uso karibu na mdomo wa chungu kutazama yamekwama wapi. Maji hayo aliyachemsha na mafuta ya pamba, akapata sabuni nyeusi, laini, yenye harufu ya moshi. Alioga nayo mwalimu, alioga nayo katekista, na hakuna aliyelalamika.

Halafu ikaja ruksa. Kila mtu akaruhusiwa kuuza kila kitu, na maduka yakajaa miche ya sabuni ya kila rangi. Jirani yetu, mwanamke wa boma la pili, alikuja siku moja na kipande cha sabuni ya mama mdogo alichokuwa amekitumia nusu, akakiweka juu ya kinu. "Chukua, dada," alisema. "Nguo zangu zinanuka jiko." Mama mdogo alimrukia. Walipigana pale uwanjani mpaka khanga zikawatoka, na mimi nilisimama nikitazama kwa raha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimwona akipigwa na mtu asiyekuwa baba.

Tangu siku ile alitaka jambo moja tu maishani: sabuni nyeupe. Mwezi Juni, tukiwa kwenye mavuno, alikwenda mnadani Bariadi akarudi na mfuko wa nailoni uliojaa magamba meupe. Mfuko haukuwa na maandishi yoyote. Mfanyabiashara alikuwa amemwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, haya ndiyo majivu ya wazungu. Tia maji, tia mafuta, basi." Nililisikia neno hilo mama mdogo akimsimulia baba, akalirudia kwa furaha mara tatu: majivu ya wazungu.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kidato cha pili, miaka kumi na sita. Yale magamba niliyatambua mara moja: yalikuwa soda kali ya kutengenezea sabuni.

Mwalimu wetu wa kemia alifundisha kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo sheria, lakini jambo likiwa la maana alirudi kwenye Kiswahili. Siku moja alitia magamba kama yale ndani ya glasi ya maji, akakoroga, akaipitisha mkono kwa mkono. Hapakuwa na moto wala jua. Ilipofika kwangu ilikuwa ya moto kama chai iliyotoka jikoni sasa hivi. Nikaiachia ikavunjika. Nilichapwa viboko vinne mbele ya wavulana, na pengine ndiyo sababu somo lile sijalisahau. Kisha akaleta glasi ya pili, akatia punje za mbolea ya urea, nyeupe vilevile. Hiyo ilipoa hadi ungedhani imechotwa kisimani alfajiri.

Alieleza hivi. Kitu kigumu ni chembe zilizoshikana. Ili kiyeyuke, chembe ziachane, na kuachana kunakula joto. Halafu maji yanazikumbatia chembe zile, na kukumbatiwa kunatoa joto. Ukipima kilicholiwa na kilichotolewa, tofauti yake ndiyo unayoisikia mkononi. Kwa mbolea, kuachana kunakula zaidi, ndiyo maana inapoza. Kwa soda, kukumbatiwa kunatoa zaidi, tena zaidi sana. Kwa hiyo soda itiwe kidogo kidogo ndani ya maji mengi, ambayo yataweza kulibeba joto lile. Kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, maana maji machache yatachemka palepale na kuruka usoni kwako. Nilikumbuka mama yangu alipoondoka kwenda Kimali, nikaona kwamba kuhusu kuachana mwalimu alisema kweli.

Basi mchana ule mama mdogo alipokiteremsha chungu chake chenye matundu, nilisema. Naomba hili likumbukwe. Nilisema.

"Mayu, hiyo haikamuliwi kama majivu. Maji ndiyo hutangulia chomboni, halafu soda inatiwa kidogo kidogo."

Alikuwa ameshika mwiko wa ugali. Ulinipata shavuni kabla sijaufunga mdomo.

"Nakamua maji haya tangu wewe hujatungwa mimba," alisema. "Vidato viwili tu umeshakuwa mwalimu wangu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Shavu lilivimba hadi jicho likawa dogo. Niliingia ghalani, kulikokuwa na nusu gunia ya mbolea iliyobaki, nikatia viganja vinne ndani ya bakuli la maji, nikakoroga, nikachovya kitambaa na kujikanda. Ilikuwa baridi tamu. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Nilimchukia mwanamke yule kwa mwili mzima, hata kwa vidole vya miguu.

Akanikuta pale. Alitumbukiza kidole bakulini, akakitoa haraka.

"Umetoa wapi maji ya baridi saa hizi?"

"Ni mbolea. Ikiyeyuka inapoza."

Hakuamini. Akachukua bakuli jingine, akatia maji na mbolea kwa mikono yake, akakoroga, na akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka namna ile, kicheko cha msichana. Alijipaka maji yale shingoni, kwenye alama ya fimbo ya baba ya juzi yake. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemuuliza mwenzake:

"Na ile soda je? Nayo si nyeupe vilevile?"

Nikapandisha mabega.

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilipandisha mabega, naye akaondoka ameridhika. Nilitaka aungue. Si sana, vidole tu, apige kelele, sabuni iharibike, jirani acheke. Hicho ndicho nilichokitaka, na sitakipamba.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua pamba, safi upande huu, fifi, yaani ile chafu, upande ule. Hatua kumi mbele yangu alitandika nyasi ndani ya chungu, akamimina magamba yote, akayashindilia kwa kiganja kilichofungwa kitambaa. Akatega chungu cha chini. Akachota maji kwa kata. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema sentensi kumi. Nilitoa takataka kwenye pamba.

Kata ya kwanza ilichacharika, ukatoka mvuke mzito wenye harufu ya kukaba koo. Mama mdogo alirudi nyuma kidogo, akanitazama kwa fahari. "Umeona nguvu yake?" alisema. Akangoja matone. Hayakuja. Soda ilikuwa imeganda juu, ngumu kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Kwa hiyo akafanya alivyofanya miaka yote majivu yalipoziba. Alichukua kijiti kwa mkono mmoja na kata ya pili kwa mkono mwingine, akainama uso juu ya mdomo wa chungu, akamimina na kuchokoa kwa wakati mmoja.

Nilifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno.

Chungu kilipasuka kwa mlio kama wa gobore. Uji mweupe unaochemka ulimpiga usoni, shingoni na kifuani. Kwanza hakupiga kelele. Alisimama tu, mikono imenyooshwa mbele kama anayetafuta ukuta. Kisha akaanguka, na sauti iliyotoka nimewahi kuisikia kwa ng'ombe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja.

Nilikimbia kwenye pipa. Nilichota maji nikammwagia usoni, na akalia mara mbili zaidi, kwa sababu magamba makavu yalikuwa yamemganda kwenye ngozi na maji yangu yaliyawasha upya. Jirani alikuwa amefika, yule wa sabuni inayonuka jiko, na bakuli la samli mkononi. Aliona kwa macho yake: nimemwagia maji, mtu ameungua zaidi.

"Maji ndiyo yaliyomchoma," alisema akinivuta, "nawe unamwongezea? Mpakeni samli."

Samli ingeifunika soda ile ndani ya macho yake ikaendelea kula. Sikuwa na muda wa kufundisha kemia. Nilimpiga jirani kwa kata katikati ya pua. Damu ilitiririka mpaka kidevuni, bakuli likaanguka, akaanza kupiga mwano, lile yowe letu la hatari ambalo likisikika kila mwanamume hutoka na silaha.

Nilimkalia mama mdogo kifuani. Alikuwa na nguvu kunizidi, akanikwaruza mikono hadi nyama ikaonekana, lakini alikuwa haoni. Nilipangusa magamba kwa khanga, nikambandua kope kwa vidole na kumimina. Vidole vyangu viliteleza kwenye ngozi yake. Nilijua kwa nini viliteleza: ngozi ilikuwa inageuka sabuni. Nilimimina, nikachota, nikamimina.

Baba alitokea zizini akikimbia. Alimwona jirani anavuja damu, mkewe yuko chini anagaragara, binti yake yuko juu yake anamzamisha. Na aliona pipa. Yalikuwa maji ya ndama, yaliyochimbwa mchangani kwenye mto mkavu na kuletwa kwa mkokoteni siku nzima.

"Shuka," alisema.

Sikushuka. Fimbo ilinipata mgongoni, mara moja, mara mbili, halafu nikaacha kuhesabu. Moja ilinipata mkono ulioshika kata na nikasikia kidole cha kati kikivunjika. Nikahamishia kata mkono mwingine. Aliponishika nywele kunivuta, niligeuka nikamng'ata mkono chini ya kidole gumba, na sikuachia hadi nikaonja damu ya baba yangu. Nasema haya bila kujisifu. Wakati ule sikuwa mwema, nilikuwa na woga tu. Niliogopa kwamba akipofuka, nitakuwa nimempofusha mimi.

Ndipo mama mdogo aliposema, kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo iliyokauka:

"Mwacheni. Aongeze maji."

Maji mengi yalikuwa yamefanya kazi yake. Joto lilikuwa limebebwa. Baba aliteremsha fimbo. Alinitazama, akatazama mkono wake unaotoka damu, kisha akaenda kuchota yeye mwenyewe. Tulimaliza pipa zima. Ndama walilia mchana kutwa.

Tulimpeleka barabarani kwa mkokoteni, na pale tukasimamisha lori la wanunuzi binafsi wa pamba, ambao mwaka ule walikuwa wamejaa kila kijiji. Dereva alitupandisha juu ya magunia, baba akakaa mbele. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji, na nilikuwa nimefunga mbolea kwenye mfuko wa nailoni. Njiani nilimimina maji ndani ya mfuko, nikaukaza fundo, ukapoa. Nikaufunga kwa kitambaa na kumwekea kwenye taya, pale ambapo ngozi ilikuwa imevimba bila kuchubuka. Alitulia. Lori liliruka kwenye makorongo, vumbi likatufunika, na kidole changu kilikuwa kimevimba kama muhogo.

Baada ya muda mrefu alinyanyua mkono, akaupapasa ule mfuko.

"Hii ndiyo ya baridi," alisema.

"Ndiyo, Mayu."

"Ile ya moto, uliijua?"

Nilirekebisha kitambaa cha mfuko.

"Mara ya kwanza ulisema, nikakupiga," aliendelea. "Hiyo ni yangu. Lakini jana ghalani nilikuuliza vizuri. Nilikuuliza, ukapandisha mabega."

"Nilijua, Mayu."

Hakuuondoa mfuko mpaka Bariadi. Nilitamani anipige. Nilitamani mwiko, fimbo, chochote nilichozoea.

Hospitalini mganga alimkagua kwa muda, akauliza nani aliyemwosha. Baba akaninyooshea mkono wake uliofungwa kitambaa. "Jicho la kulia limekwisha," mganga alisema. "La kushoto litaona, kwa sababu ya huyu binti. Angepakwa mafuta, yangekwenda yote mawili." Kuanzia siku hiyo baba, aliyenivunja kidole, alisimulia kilabuni kwamba ana mtoto daktari. Jirani alikuja na pua yake iliyopinda, akaniletea kuku. Kijiji kizima kilinisifu, na kila sifa niliimeza kama tone la maji ya majivu, nikitamani kutema. Nilingoja mama mdogo aseme ukweli. Hakusema kwa baba, hakusema kwa jirani, hakusema kwa padri alipokuja kumwombea. Hakunipiga tena. Mwaka mzima aliniita kwa chakula, akanituma kuni, akanipa pole mitihani iliponishinda, na hata siku moja hakunitazama kwa lile jicho moja.

Hasira hasara, watu husema, halafu wanapita zao. Mimi hasara yangu ilikaa nami nyumba moja, ikipapasa ukuta upande wa kulia.

Nilidhani hataigusa soda tena. Sikumjua. Msimu uliofuata alirudi mnadani, akaleta mfuko mwingine, na ndoo ya plastiki. Akaniita uani. Akajaza maji ndoo nusu, akashika soda kwenye kikombe, akasimama akinigeuzia upande wenye jicho.

"Sema," aliniambia.

"Maji ndiyo hutangulia, Mayu. Soda inatiwa ndani ya maji, kidogo kidogo."

Hakumimina. Aliendelea kunitazama, na macho yangu yakajaa machozi nisiweze kuyazuia.

"Sema tena."

Siku hizi ana sabuni yake nyeupe Lagangabilili, karibu na ofisi mpya za wilaya, na wanawake kutoka vijiji vingi huja kujifunza kwake. Amezeeka, mimi mwenyewe nina wajukuu, na kidole changu cha kati hakinyooki. Jirani alikufa akiwa mteja wake. Baba naye ametangulia. Kila mwezi nakwenda kumsaidia mama mdogo, ingawa hahitaji msaada. Kazi ile anaijua hata akiwa usingizini. Wanafunzi wake hudhani ni mtindo wake wa kufundisha, na wapya hucheka wakiona mtu mzima akisimamishwa mbele ya ndoo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ananigeuzia jicho la kushoto, anashika kikombe, anasema sema, nami nasema. Mara ya kwanza ni kwa ajili yao. Kisha anasubiri, kikombe kiko juu ya maji, hamwagi hata punje.

Nasema tena, ndipo anapoitia soda majini.